Takriban

Nyota haikai pale unapoiona.
Hilo Zunilda alifundishwa siku ya kwanza mlimani,
kabla hajaonyeshwa jiko, wala choo,
wala kitufe cha kufungulia kuba.
Hewa huushika mwanga kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto sokoni,
akiuvuta huku, akiuvuta kule.
Mwekundu hupinda kidogo, wa buluu hupinda zaidi,
na karibu na upeo wa macho
kila nyota hudanganya kimo chake.

Kamera nayo ina hila zake.
Silikoni ilipokuwa ikiganda kiwandani ilikua kwa pete,
kama gogo la msonobari,
na kila pete huisogeza nyota kando, chembe ya pikseli.
Zunilda huzifuta pete hizo.
Si kwa kitambaa. Kwa jedwali,
tarakimu moja moja, saa tisa usiku,
chai ya boldo ikipoa kando ya kibodi.

Sekunde kumi na tano kioo kinakunywa anga.
Funga. Geuka. Tulia. Tena.
Nyota laki kadhaa kwa pumzi moja,
na hakuna inayopimwa peke yake:
kila moja huulizwa, majirani zako wako wapi?
Na majirani nao wanahama.

Usiku mmoja wa Juni, moja ikagoma kulingana.
Akaipima upya. Ikagoma.
Akashuka ghalani, kwenye makabati ya chuma
ambamo sahani za kioo za zamani husimama kama vyombo vya harusi
ambavyo hakuna tena anayevilia.
Akaikuta: mwaka sitini na nane,
anga nyeupe, nyota nyeusi,
na kando ya nyota yake, nukta ya wino.
Juu ya bahasha, kwa penseli:
*Kosa langu. Nimesoma vibaya. N.A.*

Zaidi ya miaka hamsini
kosa limelala humo kwa jina la mtu.

Akapiga hesabu ya kurudi nyuma.
Kila mwaka nyota ile husogea
upana wa unywele
ukiutazama kutoka goli hadi goli.
Haionekani. Ila miaka hulimbikizana
kama deni la duka.

Jumapili akateremka bondeni kwa lifti ya mpishi.
Nibaldo Araya alikuwa mferejini,
ubao wa kuzuilia maji mkononi,
jicho kwenye saa: huku maji hugawiwa kwa dakika.

"Nyota ile inakimbia, don Nibaldo. Hukukosea."

Akajifuta mkono kwenye suruali.
"Hata kidogo?"

Hapo Zunilda angeweza kunyamaza.
Alikuwa amekuja na zawadi,
na zawadi haipimwi mbele ya mwenyewe.

"Nusu," akasema.
"Nusu ni mwendo wake. Nusu ni yako."

"Na hewa ya usiku ule?
Kulikuwa na upepo, nakumbuka, darubini ilikuwa ikitetema."

"Hewa nimeiandika upande wako.
Sikuwa na pengine pa kuiweka."

Nibaldo akacheka hadi ubao ukamponyoka,
na maji yakajiendea kwenye viazi vya jirani
kabla ya zamu yake.
"Dakika mbili," akasema, akiinama kuutafuta ubao matopeni.
"Tatu. Mwambie takriban."

Usiku ule kuba likafunguka kama kawaida.
Zunilda akaiingiza nyota kwenye orodha:
mahali pake, mwendo wake,
na nyuma ya kila namba, namba nyingine ndogo
inayosema ni kiasi gani hatujui.

Kisha akashuka ghalani na penseli.
Neno la Nibaldo hakulifuta.
Chini yake akaandika:
*Nusu. Z.T.*
Akafikiri kidogo,
akaongeza alama ya kuuliza.