Athari

Baba alikuwa arifu wa falaji, Birkat al-Mauz.
Nusu saa ya maji aliiita athari.
Mchana aliipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani,
usiku kwa nyota, siku za mawingu kwa ubishi.
Kiswahili chake cha Wete kilimponyoka akikasirika tu:
"Athari yako imekwisha, bwana! Funga!"
Na tambara na tope vikaziba mdomo wa mfereji.

Mimi nipo Barka, kiwanda cha kuchuja bahari.
Nazipasua tando zilizozeeka, naandika kilichoziziba.
Juzi akaniuliza kwenye simu:
"Huko kwenu maji anayagawa nani?"

Mlango, baba. Mwembamba, hata nanomita moja haufiki.
Chukua unywele wako, uupasue mara elfu themanini.
"Unywele upi, Ghaniya?"

Nikaanza upya. Kila chembe ya maji ina mikono minne,
miwili ya kutoa, miwili ya kupokea.
Inashika jirani, inaachia, inashika mwingine.
"Kwa muda gani?"
Kata sekunde vipande milioni.
Okota kimoja, ukikate milioni tena.
Hicho. Au viwili, vitatu.
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Hiyo si zamu," akasema. "Hao ni wezi."

Mlangoni hazipiti kwa kundi.
Huachana, kila moja ikabaki na mwenzake wa mbele na wa nyuma,
kama sisi watoto juu ya ukingo wa mfereji, viatu mkononi.
Chumvi hubaki nje.
Yenyewe ni kijitu kidogo,
ila imejitanda joho la maji, chembe tano sita zimeizunguka.
Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, tunaambiwa;
aliyeyavaa maji, je, avue nini?
Hurudi baharini na joho lake,
na bahari ya Barka pale bombani ni chungu kuliko jana.
Hilo sikumwambia.

Ijumaa nikaenda. Athari moja siku hizi
hailoweshi mitende mitatu.
Lori la maji lilikuwa mlangoni, namba za Barka,
mpira umetumbukia tangini.
Baba akakinga kiganja, akaonja.
"Haya hayana kwao."

Najua kwamba karibu kabisa na ngozi
maji hujipanga, safu ya kwanza, ya pili, labda ya tatu,
kama watu waliosikia ikama;
mbele ya hapo ni soko.
Nikataka kusema. Lakini macho yake, yasiyoona tena kivuli,
yalikuwa yameelekea uwanjani,
na midomo ilikuwa ikihesabu.
Maji yakamvuja vidoleni, yakaingia kwenye mkono wa kanzu.

"Funga," akamwambia dereva,
na tangi lilikuwa halijafika nusu.