Safu ya Sababu

Kabla ya kishikwambi kulikuwa na buku,
jalada gumu la bluu, pembe zimeliwa na panya wa stoo,
na Mwalimu Nambombe akiita majina
kama mtu anayehesabu kuku magharibi,
kidole kwenye mstari, jicho mlangoni.
Aliyekuja, kijistari cha wino.
Asiyekuja, duara,
na pembeni kabisa, nje ya mistari ya serikali,
kwa penseli, herufi kama sisimizi:
maji yameingia ndani.
viatu, leo zamu ya kaka.
msiba, Kisarawe.
mama kajifungua, mpishi ni yeye.

Nambombe akastaafu. Mwezi wa pili
wakaja vijana wawili wa mradi, fulana zimepigwa pasi,
wakatuketisha watu wazima kwenye madawati ya darasa la tatu,
magoti yakigonga mbao, wakatufundisha kubofya.
Nywila ya kwanza ilikuwa kigogo123.
Tuliiandika ubaoni tusiisahau;
hadi saa ya uji kila mtoto aliijua.

Siku nne tulihamisha watoto
kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo,
elfu moja mia moja sabini na sita,
bando la mfukoni kwangu.
Umeme ukakatika tukiwa kwenye herufi M:
akina Mwanamkasi wote wakazama,
tukarudi kuwaopoa mmoja mmoja.
Shomvi wa Tano B aliingia mara mbili.
Wiki nzima tukawa na Shomvi aliyekuja na Shomvi mtoro.
Mwenyewe akaniuliza,
"Mwalimu, yule mwingine anakaa wapi?"

Mfumo una vitufe vinne:
Yupo. Hayupo. Mgonjwa. Ruhusa.
Nikatafuta pa kuiweka zamu ya kaka. Hapakuwepo.
Nikabonyeza Mgonjwa.
(Wagonjwa walikuwa viatu.)
Afisa elimu kata akapiga simu:
shule yenu, mbona inaugua sana siku za mvua?

Nimeusengenya mfumo huu kwenye chai, sikatai.
Lakini Ijumaa moja ya Juni,
nikingoja kile kiduara kimalize kuzunguka,
ukurasa ukafunguka kwa rangi, nikamwona Siwema Kibwana:
kijani, kijani, kijani, nyekundu, kijani.
Chini yake vilevile.
Chini yake vilevile.
Wiki kumi na moja, kila Alhamisi nyekundu,
uzi mmoja ulioshonwa kutoka juu hadi chini.

Nikaenda stoo, nikalipangusa buku.
Maduara yale yale yalikuwepo tangu mwaka jana,
na Nambombe, kwa penseli yake ya huruma,
ameipa kila Alhamisi sababu:
tumbo. mvua. sare haijakauka. bibi. tumbo.
Kila moja inaaminika ikiwa peke yake.
Sisi tulisoma kwenda pembeni.
Mashine ilisoma kushuka.

Nikateremka bondeni jioni ile, viatu mkononi.
Mashine haikuniambia nyumba ipi, wala nibishe vipi hodi.
Bibi alikuwa ameketi, mguu juu ya ndoo iliyofudikizwa,
bandeji imegeuka rangi ya chai.
Kliniki ya sukari ni Alhamisi.
Toka mlangoni hadi barabarani ni ngazi thelathini na moja,
na fimbo yake ni Siwema.
Katika sababu zote zile moja tu ilikuwa kweli,
na mtoto aliisema mara moja,
akaona haya kuirudia.

Vijana wa mradi walirudi Agosti kuchukua maoni.
Nikaomba safu moja. Nyembamba tu,
yenye nafasi ya herufi arobaini.
Wakaandika kwenye simu zao, wakatikisa kichwa kwa adabu.
Jibu bado.

Leo Alhamisi. Chaji asilimia tisa.
Penseli iko sikioni, kwa mazoea.
Hesabu za leo Siwema atazifanya kesho, kwenye mapumziko,
tumekubaliana, anachukia sehemu lakini atafanya.
Nafika kwenye jina lake, nabonyeza Ruhusa.
Nani ameitoa? Mfumo hauulizi.
Nimeitoa mimi.