Kipimo cha Sikio

Mimi ndiye niliyeiandika ile sentensi,
kwa wino wa buluu, Februari,
theluji ingali imelala juu ya paa la gereji:
Korbinian hasikilizi.
Nikapuliza wino ukauke,
nikavuta ripoti ya mtoto mwingine.
Sikio la kufa, tulisema chumba cha walimu,
tukacheka, tukamimina kahawa.

Kwetu Stiria njia hugawanyika mapema.
Huku Kilatini, mtihani mkuu, chuo kikuu cha Graz.
Kule karakana na aproni,
na majuma machache ya bweni katika shule ya ufundi.
Tunasema njia zote zina heshima.
Tunayasema hayo tukiwa tumeketi upande wa Kilatini.

Mama yake alikuja na sare ya reli,
kofia mkononi, dakika ishirini kabla ya zamu.
“Sasa aende wapi?”
Nilimpa karatasi ya vishale:
kisanduku hiki kuingia kile, kile kutokea kazini.
Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni
kama risiti ya kitu kisichorudishwa dukani.

Miaka kumi na saba.
Ndege wa alfajiri waliacha kuja bustanini kwangu;
nilidhani wamehama.

Duka liko jirani na famasia.
Mwanamume mwenye ndevu akainuka: “Karibu, Profesa,”
maana huku hata mwalimu wa sekondari huitwa hivyo,
na hakuna anayeona aibu.
Akanijaza sikio uji wa waridi, baridi, mzito.
“Usiseme neno. Dakika nne.”
Mimi, niliyesema miaka thelathini na minne mfululizo.

Basi akasema yeye.
Mwaka wa kwanza alifagia, akapiga tupa kingo za plastiki
hadi vidole vikapoteza alama.
Wa pili, betri, na wazee waliolia waliposikia vijiko.
Mtihani wa ufundi ulimwangusha, hesabu za mawimbi;
akarudia, akapita kwa alama mbili.
Sasa, jioni nne kila juma, anakaa kwenye dawati la watoto,
magoti yakigonga mbao,
akisomea ule mtihani mkuu aliouacha.
Anataka Vienna. Uhandisi wa sauti.
“Nitakuwa na miaka thelathini na sita nikimaliza.
Lakini hata nisipokwenda, si nitakuwa nayo tu?”

Akauchomoa ule uji, sasa umekuwa mpira,
akaushika juu ya taa,
akanionyesha njia yangu ya ndani, nyembamba, imepinda.
“Na huko mwisho kuna koklea,” akasema.
“Konokono, kwa Kilatini.
Ulitufundisha siku moja ya mvua.
Nilikuwa natazama dirishani.”

Sikuwa na jibu, na dakika nne zilikwisha zamani.

Jumanne iliyofuata akakiwasha.
Kwanza koti langu: kelele ya nguo, nani alijua?
Kisha kalamu yake. Kisha, nyuma ya pazia,
tupa juu ya plastiki, kwa vituo,
kama mtu anayejifunza kuhesabu.
Msichana wa miaka kumi na mitano, mwezi wake wa pili.
Nikamuuliza jina.
Alijibu akiwa amenipa kisogo, chini chini,
kama wanavyojibu wale wa viti vya nyuma.

Mersiha.

Nililisikia mara ya kwanza.
Nikamwomba alirudie.