Mende wa Tano

Kitabu cha sita kilifika Newala Jumanne,
ndani ya boksi la madaftari, dukani kwa Chitanda,
jalada limekunjika pembe, bei imekwanguliwa kwa kucha.
Tulikingoja tangu mikorosho ilipochanua
hadi magunia yakapimwa, na Mama akasema: haya.

Watoto wanne wa kitabuni, Kikosi cha Mende,
hupita chini ya milango ya wakubwa
wakiziiba siri na kuzirudisha kwa wenyewe.
Nasi tulikuwa wanne, majina hayakutugombanisha sana:
Somoe Mende wa Kwanza, kwa umri,
Hashiru wa Pili, kwa ngumi,
Fadhina wa Tatu,
mimi mkia.

Msomaji ni Mama.
Ana sauti ya jambazi, ana sauti ya mbwa wa jambazi,
na mkuu wa majasusi akikohoa, Mama hukohoa hasa,
mpaka Bibi aulize kama dawa imekwisha.
Baba yuko Mtwara mjini, analinda ghala bandarini.
Tunamweka kwenye spika, simu imeegemea birika,
naye husikiliza hadi salio likatike,
aghalabu pale pale mlango unapofunguliwa.
Alfajiri hupiga: "Enhe, nani alikuwa nyuma ya mlango?"

Usiku huo umeme ulikuwa umekwenda zake.
Ming'oko inatokota, sisi tumelizunguka jiko,
Mama anasoma kwa tochi
jinsi Mende wa Pili alivyoificha ramani kiatuni.

"Kiatuni!" Bibi akacheka kwa pua.
"Askari wa kwanza tu, kiatu kimevuliwa.
Itie kwenye ngata.
Mtungi juu, shingo imenyooka,
umepanda kutoka bondeni tangu jogoo la kwanza,
mwanamume gani atakwambia, tua, nikague ngata?"

Mama akaweka kidole kwenye mstari.
Simuni, polepole, Baba:
"Mama, umesemaje?"
"Nimesema ming'oko imeiva."

Salio likakatika.

Majambazi tukawaacha wananing'inia kwenye kamba yao.
Kitandani Somoe alihesabu miaka kwa vidole vyake, akaazima vyangu:
vita vya ng'ambo ya Ruvuma, Mreno bado yuko,
Bibi binti wa miaka kumi na miwili, au kumi na mitatu,
na watu wanaokuja usiku, wanakula,
wanaondoka bila kuacha jina.
Kwenye kitabu cha shule vita hivyo ni nusu ukurasa,
na nusu hiyo ina picha.

Ngata yake ya zamani hutundikwa kwenye msumari
nyuma ya mlango wa chumba chake.
Nilitumwa mimi, kwa kuwa mwepesi.
Nikanyata, nikaishusha, nikaibinyabinya kama embe sokoni:
kitambaa, majani makavu, harufu ya kichwa cha mtu.
Hakuna karatasi. Nilitaka kulia.

"Mende wa Nne," giza likasema,
"umekanyaga jivu."

Asubuhi nyayo zangu zilikuwa wazi sakafuni,
kwenda na kurudi, kila kidole mahali pake,
na Bibi akizifagia
bila kuinua uso, akiimba kitu cha Kimakonde
alichokataa kututafsiria.

Cha saba hakijafika. Chitanda anasema gari, anasema barabara.
Tunakirudia cha sita.
Bibi amesogeza kigoda chake karibu na Mama,
anakosoa: huyo hawezi kuwa jasusi, ana njaa mno;
huyo dada muuza karanga ndiye, mtazameni,
mbona karanga zake haziishi?
Na kweli, ndiye.

Ila kwenye ukurasa wa themanini na moja,
pale risasi zinapoanza darajani,
huinuka kwenda kutazama moto
ambao ameuzima mwenyewe tangu magharibi.
Mama hasemi kitu.
Siku hizi akiukaribia hulamba kidole,
hugeuza kurasa mbili kwa pamoja
kana kwamba zimegandana.