Saketi ya Peke Yake

Dauphin, Manitoba. Januari. Nyuzi thelathini na moja
chini ya sifuri, na gari langu lilikohoa mara nne
kabla ya kukubali kwamba kumekucha.
Bi Orysia Hnatiuk ananifungulia mlango, kavaa makoti mawili.
"Tanuri jipya limefika," asema, "ila walioleta
hawagusi umeme."
Hawagusi. Ndiyo maana nipo.

Ngazi kumi na mbili hadi chumba cha chini:
mitungi ya kabichi iliyochachushwa,
kigari cha theluji cha mtoto ambaye sasa ana wajukuu,
na darini, kazi ya marehemu Wasyl.

Nimeona mengi kwenye dari za watu.
Waya wa tanuri la zamani haukutoka kwenye bodi.
Ulidandia laini ya mashine ya kufulia
kama mgeni aliyekuja na mgeni.
Kiungo kimezongwa utepe wa kitambaa,
na kwenye boriti, kwa penseli,
mwandiko wa mtu mwenye haraka na fahari:
Novemba 1974. W.H.

Nikanyamaza. Yako makosa
yasiyosomwa kwa sauti mbele ya mjane.

Tanuri halili sahani moja na mtu.
Lina kikata umeme chake, ampea kumi na tano,
jina lake limeandikwa kando;
lina shaba namba kumi na nne:
nyeusi iendayo, nyeupe irudiyo,
na ile tupu, isiyovaa kitu, ya ardhi.
Swichi ikae karibu na mlango,
mkono uifikie kabla mguu haujafika penye hatari.
Kisha zile nyuzi nyembamba za volti ishirini na nne
zipandazo ukutani hadi kwenye thamostati,
kazi yao umbea tu:
huku juu baridi, huku juu baridi.

Nilivuta, nikabana, nikakaza. Saa saba mchana nikawasha.
Feni ikavuma. Cheche.
Moto wa buluu ukasimama safu,
moja, mbili, tatu, nne,
ukazima.
Tena: moja, mbili, tatu, nne.
Mara ya tatu mashine ikajifunga,
kitaa chekundu kikinikonyeza kama kinanijua.

Watu husema gesi imegoma.
Lakini ndani ya mwali kuna kijiti cha chuma
kinachouliza jambo moja: kweli unawaka?
Nao moto hujibu kwa chembe ya umeme
ipitayo katikati ya mwali, itafute ardhi, irudi ilikotoka.
Njia ikikatika, jibu halisikiki.
Mashine haina macho ya kuona buluu. Hufunga gesi.

Nikaufuata ule waya tupu hadi kwenye bodi.
Wasyl alikuwa ameongeza upau wa ardhi,
wa shaba safi, skrubu nane, umenyooka sawasawa,
akaukaza kwenye ubao.
Ubao! Haukushikana na kitu chochote duniani.
Nami, fundi mwenye leseni, niliuamini
kwa sababu ulikuwa umenyooka.

Kipande cha waya, shibiri moja, kikatosha.
Nne. Tano. Kumi. Nikaacha kuhesabu.

"Alikosea, sivyo?" Alikuwa amekaa ngazini muda wote.
Nikaanza kusema habari za zama zile, za sheria kubadilika.
"Nilijua," akanikata.
"Kila Jumatatu nikifua, taa ya jikoni ilififia.
Basi nikawa nazima tanuri kwanza,
navaa koti, nafua.
Miaka arobaini na mitatu.
Yeye akiwaambia watu mkewe anapenda baridi."

Leo ni Alhamisi.
Akajaza mashine mataulo ambayo hayakuwa machafu,
akabonyeza, akapanda jikoni, nami nyuma yake
na bisibisi bado mkononi.
Tukasimama chini ya taa.

Haikutikisika.
Koti hakulivua.