Suruali za Vyura

Padri Ercolano alikuja na vyura saba kikapuni,
akataka niwapime viuno.
Nimeshona majoho ya maaskofu wawili,
nimeshona sanda ya mama yangu kwa uzi uliobaki,
lakini chura hana kiuno:
ana tumbo, na baada ya tumbo ana mruko.

Wa kwanza aliivua kabla sijakata uzi.
Wa pili aliipasua.
Ndipo nikaongeza mikanda ya mabegani,
hariri nyembamba niliyoipaka nta,
na padri akacheka hadi akashika ukuta:
"Orsolina, hawa sasa wanaweza kwenda misani."

Ilikuwa Machi, mifereji ya Pavia imejaa kelele zao.
Tukawatia beseni moja na majike.
Waliwakumbatia kama kawaida yao, siku mbili hawaachii,
na suruali zao miilini.
Mayai yakatoka, meusi, manono, yamejipanga kwenye ute
kama shanga za mke wa hakimu.

Tukangoja.
Kwenye beseni la vyura walio uchi
kila yai lilijirefusha, likaota mkia.
Kwenye beseni langu
yaligeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, yakanuka.

Padri akakunjua suruali moja, akakuta matone ndani yake.
Kwa ncha ya brashi akayagusisha
mayai mengine, mabichi, ambayo dume hajayakaribia.
Siku ya tano yalitikisika.
Akapiga magoti, sijui kwa Mungu au kwa beseni.
Akaandika usiku kucha. Hakuandika nani alishona.

Mimi nililibeba lile lililooza nikalimwage.
Nikasimama nalo uani.

Miaka kumi na minne mama mkwe ananiita shamba la chumvi.
Nimekunywa mkojo wa punda,
nimepanda kwa magoti hadi kwa Bikira wa mlimani,
na Gaspare hunitazama mezani
kama mtu aliyeuziwa gunia lenye tundu.
Hakuna aliyewahi kumwuliza Gaspare neno.

Nikayatazama mayai yale.
Meusi yalitoka, manono yalitoka.
Hayakuwa na kosa.
Kilichokosekana kilibaki ndani ya kitambaa.

Sikuyatupa kwa haraka.
Niliyamwaga taratibu, penye kivuli, nikasuuza beseni mara mbili.
Zilikuwa zimebaki suruali nne za kushona,
na Gaspare, kutoka jikoni, anauliza supu iko wapi.