Ukinitoa Mimi

Usiku wa tatu sasa. Mabela imelala,
kiyoyozi kinakohoa,
nami natafuta namna ya kumpitisha mama yangu
kwenye tundu la sindano:
Maskati, Bujumbura, Cardiff, Malmo,
kisha nyumbani,
kwa riali mia nne na sabini
alizozifunga kwenye ncha ya mtandio
tangu alipouza zile bangili mbili.

Bei hizi hazina adabu.
Saa mbili ilikuwa mia tano na kumi.
Nimekwenda kuzima jiko, nimerudi,
mia tano thelathini na nne,
kana kwamba mtu amenichungulia dirishani
akaiona shida yangu.

Nimejifunza mambo.
Jumanne ina huruma kuliko Alhamisi.
Ukipanda basi Ruwi alfajiri, ukavuka mpaka,
ukaondokea Sharja,
utaokoa riali thelathini na nane
na utapoteza magoti ya mama.
Nimejifunza kwamba njia fupi ina bei ndefu,
na azungukaye sana ndiye alipaye kidogo:
ashuke Addis saa nane za usiku,
akae saa tisa nzima juu ya kiti cha chuma,
mkoba kaupakata kama mwana.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
ila kibaba hiki kinajazwa kwa mifupa.

Shaji wa Ruwi, mkata tiketi,
mtu wa Kerala aliyejifunza Kiswahili chetu
kwa kuwauzia bibi zetu safari za Unguja,
alinitazama juu ya miwani.
"Muhanna, hesabu yako ngumu bure.
Watoto watatu waje, mama akae.
Tiketi tatu, mwezi wa pili, siyo Desemba.
Chenji inabaki, unanunua mbuzi."

Nilipiga hesabu mara mbili.
Mbuzi alikuwepo kweli.

Mama alikuwa anachambua dengu.
Hakuinua kichwa.
"Wakija hapa watakuwa wageni.
Watavaa vizuri, watasema alhamdulillahi.
Mimi nataka kufungua friji ya Muhsin.
Nataka kuona Zamzam anaanika wapi nguo
na theluji yote hiyo.
Nataka kulala kitanda kimoja na Thuwaiba
nisikie kama bado analia usingizini.
Mtoto hajulikani sebuleni, baba."
Akatupa kijiwe kwenye sahani. Kikalia.

Basi leo, saa saba na robo,
imetokea: mia nne sitini na tisa na baisa mia tatu.
Kiti cha katikati. Begi moja, kilo ishirini na tatu.
Chakula hakuna kati ya London na Copenhagen,
na Cardiff aendewe kwa basi, Malmo kwa treni,
Muhsin apokee, Zamzam apokee,
na Addis asipokelewe na mtu.

Palikuwa na kijisanduku: Abiria, mmoja.
Nikagusa alama ya kujumlisha.
Wawili.
Bei ikaruka kama kuku aliyekanyagwa.
Nikawaza ghala la Barka, likizo niliyokwisha kuila,
mkopo wa gari.
Nikarudisha mmoja, polepole,
kama mtu anayezoa chumvi aliyoimwaga
kabla mwenye nyumba hajaingia.
Nikalipa.

Asubuhi kapanda juu ya mzani wa bafuni
kakumbatia begi:
halwa, ndimu kavu, papa mkavu wa Thuwaiba
aliyefungwa mifuko minne na bado anajitangaza,
soksi za sufu alizozinunua Matrah
kwa muuzaji aliyemcheka.

"Soma, mimi sioni."
Themanini na moja.
Akalitua begi, akapanda peke yake,
mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.
Hamsini na tisa.

"Ukinitoa mimi," akasema, "kimebaki nini?"
"Ishirini na mbili, mama."

"Basi nafasi ipo.
Ongeza ndimu."